Ukitikisa Mtungi wa Gesi Unasikia Maji Ndani? Usikimbilie Kusema Umepigwa, Sababu Ni Hii

Hebu niambie kama hili halijawahi kukutokea. Unapika wali wa jioni, moto wa gesi unaanza kufifia. Unafungua zaidi, wapi! Unazima jiko, unanyanyua mtungi, unautikisa. Ndani unasikia kitu kinacheza kama maji kwenye dumu. Hapo hapo wazo linakuja: "Nimepigwa. Jamaa kaniwekea maji."

Wengi wameshagombana na wauza gesi kwa sababu hii. Wengine wanaenda mbali zaidi. Wanaulaza mtungi chini, wanauanika juani, au wanaumwagia maji ya moto ili gesi iliyobaki itoke. Hapo ndipo utani unapoisha na hatari inapoanza.

Kile unachosikia ndani sio maji. Ni gesi yenyewe, ila iko katika hali ya kimiminika. Kilichoifanya iwe hivyo ni presha. Ukielewa presha inatoka wapi, utajua jinsi ya kupima gesi yako, kwa nini moto unafifia, na kwa nini mtungi hautakiwi kulazwa wala kupashwa moto.

Presha inatoka wapi?

Vitabu vya shule huiita kanieneo au shinikizo. Sisi mtaani tunasema presha, na hapa tutumie hilo hilo.

Kila kitu unachokiona kimeundwa kwa chembe ndogo sana, na chembe hizo hazitulii hata sekunde moja. Hewa iliyo chumbani kwako sasa hivi, chembe zake zinakimbia kwa wastani wa karibu mita 500 kwa sekunde. Zinagongana zenyewe kwa zenyewe, zinagonga ukuta, zinagonga meza, zinakugonga na wewe.

Fikiria mvua kwenye bati. Tone moja likianguka unasikia "ti". Mvua ikishika kasi husikii tena tone moja moja, unasikia mngurumo mmoja. Presha ya gesi iko hivyo hivyo. Kila chembe inapiga kipigo kidogo, lakini vipigo ni vingi mno kiasi kwamba ukuta wa chombo unahisi msukumo mmoja usiokatika.

Wazo hili sio la jana. Mwanahisabati Daniel Bernoulli alilieleza kwenye kitabu chake cha mwaka 1738, wakati wasomi wengi walikuwa bado hawajakubaliana kama chembe zenyewe zipo.

Hewa inayotuzunguka inasukuma kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 1 kwenye kila sentimita moja ya mraba, eneo linalokaribia ukucha wa kidole gumba. Hatuhisi kwa sababu inasukuma pande zote, na ndani ya miili yetu kuna msukumo unaoijibu.

Mambo matatu yanayopandisha presha ya gesi

La kwanza ni kuongeza chembe. Ukijaza upepo kwenye tairi unaingiza chembe nyingi zaidi, vipigo vinaongezeka, tairi linakuwa gumu.

La pili ni kupunguza nafasi. Chukua bomba la baiskeli, ziba tundu kwa kidole kisha bana. Chembe ni zile zile, ila sasa zina chumba kidogo, zinafika ukutani mara nyingi zaidi. Robert Boyle alichapisha kanuni hii mwaka 1662: ukiipunguza nafasi iwe nusu bila kubadili joto, presha inakuwa mara mbili.

La tatu ni kuongeza joto. Joto ndilo linaloamua mwendo wa chembe. Kitu kikipata moto, chembe zake zinakimbia zaidi, zinapiga kwa nguvu zaidi na mara nyingi zaidi.

Shika hayo matatu, maana tutayarudia.

Yabisi, kimiminika na gesi: panda daladala uelewe

Chukulia abiria waliokaa kwenye viti vya daladala. Gari linawatikisa lakini kila mtu yuko mahali pake. Hiyo ni hali ya yabisi, kama chuma au barafu. Chembe zimeshikana na zinatetemeka pale pale.

Sasa waangalie waliosimama. Wamebanana bega kwa bega lakini wanasukumana, mmoja anapita kwenda mlangoni, mwingine anarudi nyuma. Hiyo ni hali ya kimiminika. Chembe ziko karibu karibu, ila zinateleza na kubadilishana nafasi.

Wakishuka kituo cha mwisho, kila mtu anashika njia yake. Hiyo ni gesi. Kwenye hewa ya kawaida, umbali kati ya chembe na chembe ni kama mara 10 ya upana wa chembe yenyewe.

Ndio maana gesi inabanika na kimiminika hakibaniki. Jaribu na bomba la sindano lisilo na sindano. Vuta hewa, ziba mdomo wake kwa kidole, sukuma: linaingia. Sasa vuta maji, ziba, sukuma: linagoma kabisa. Kwenye hewa kulikuwa na nafasi ya kuchezea, kwenye maji chembe zimeshafika bega kwa bega.

Kumbuka jaribio hili, litaokoa mtu huko mbele.

Sasa, gesi inageukaje maji maji?

Tumezoea kusema maji huchemka nyuzi 100. Hiyo ni kweli ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, usawa wa bahari. Nairobi, iliyo juu zaidi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, huchemka kwenye nyuzi 80 na kidogo. Maji ni yale yale, kilichobadilika ni presha ya hewa inayoyakandamiza. Huko juu hewa ni chache, chembe za maji zinachomoka kirahisi.

Geuza upande wa pili. Sufuria ya presha inafungia mvuke ndani, presha inapanda mpaka kama mara mbili ya kawaida, na maji yanafika nyuzi 120 hivi ndipo yachemke. Ndiyo sababu maharage yanaiva haraka.

Kwa hiyo kuchemka ni mvutano wa pande mbili. Joto linazitoa chembe nje, presha inazirudisha ndani.

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Kwenye hewa ya kawaida propani huchemka nyuzi 42 chini ya sifuri, na butani huchemka karibu na nyuzi sifuri. Maana yake, hapo ulipo zote mbili zingekuwa zinachemka zenyewe bila kuwekwa jikoni! Ili zitulie zikiwa kimiminika inabidi zikandamizwe, ndipo unapokuja mtungi wa chuma.

Faida yake ni nafasi. Lita 1 ya kimiminika hiki ikigeuka gesi inatoa zaidi ya lita 200. Mtungi wa kilo 6 una kimiminika cha lita 11 hivi, ambacho kikitoka chote ni zaidi ya lita 2,000 za gesi. Bila kuigeuza kimiminika, ungehitaji tanki kubwa la maji la plastiki kubebea gesi ya kupikia wiki chache tu.

Kwa nini presha haishuki kadri unavyopika

Watu wengi hukosea hapa. Tairi likitoboka, presha inashuka kidogo kidogo mpaka linalala. Tunadhani na mtungi uko hivyo. Hapana.

Ndani ya mtungi, chini kuna kimiminika na juu kuna gesi. Chembe zinaruka kutoka kwenye kimiminika kwenda juu, na nyingine zinarudi chini. Zikifika idadi ambayo wanaotoka ni sawa na wanaorudi, presha inatulia. Ukiwasha jiko, unatoa chembe za juu. Papo hapo kimiminika kinaruhusu nyingine zipande kuziba pengo, na presha inarudi pale pale.

Kwa hiyo kinachoamua presha ya mtungi ni joto lake na aina ya gesi iliyomo, sio wingi wake. Mtungi uliojaa na mtungi uliobaki robo, vikiwa kwenye joto moja, presha yake hukaribiana sana. Kimiminika kikiisha ndipo presha inaporomoka, na jiko linazimika ghafla.

Ndiyo maana mshale wa presha unaofungwa kwenye regulata haukuambii vizuri gesi imebaki kiasi gani. Kipimo cha kweli ni mzani.

Angalia sehemu ya juu ya mtungi. Kuna uzito wa mtungi mtupu, mara nyingi baada ya herufi TW au neno TARE. Tuseme imeandikwa 7.4. Kama ni mtungi wa kilo 6, ukiwa umejaa lazima mzani usome 13.4. Ukisoma 12, basi una kilo 4.6 za gesi, na hapo una haki ya kudai. Mwambie muuzaji apime mbele yako kabla hujalipa.

Ukiwa nyumbani bila mzani, chukua maji ya uvuguvugu (sio yanayochemka), yamwagie kidogo ubavuni mwa mtungi kisha pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Sehemu ya juu itakuwa na uvuguvugu, ya chini itakuwa ya baridi. Mpaka wa hizo mbili ndio usawa wa kimiminika, kwa sababu kimiminika kinanyonya joto kuliko gesi.

Moto unafifia na gesi bado ipo. Kwa nini?

Turudi kwenye wali wetu. Unapotoka jasho ukapigwa na upepo unahisi baridi, si ndio? Chembe za jasho zinazoruka ni zile zenye mwendo mkali. Zinazobaki ni za polepole, na chembe za polepole maana yake ni baridi.

Mtungi nao unatoka jasho kwa ndani. Kila ukipika, chembe zenye kasi zinaondoka, kimiminika kinachobaki kinapoa. Kwa jiko dogo hakuna shida, joto la chumba linaupasha tena. Ila ukifunga jiko kubwa la mama lishe kwenye mtungi mdogo ukapika mfululizo, joto linatoka haraka kuliko linavyoingia. Mtungi unakuwa wa baridi, unatoa matone nje, wakati mwingine hata barafu nyembamba. Presha inashuka, moto unafifia, na kimiminika bado kipo.

Jambo lingine, propani huwahi kutoka kwa sababu ni nyepesi kuruka. Kuelekea mwisho, kinachobaki kina butani nyingi, nayo ina presha ndogo. Kwenye baridi ya Njombe au Limuru asubuhi ya Julai, butani ina hali ngumu zaidi. Huko moto hufifia mapema kuliko Tanga au Malindi.

Dawa yake ni rahisi. Zima, funga vali, uache mtungi upumzike kwenye joto la kawaida la chumba. Kama biashara yako inahitaji moto mkali kwa saa nyingi, tumia mtungi mkubwa. Una kimiminika kingi na ubavu mpana wa kupokea joto.

Usilaze mtungi, tafadhali

Mtungi ukisimama, mdomo wake uko upande wa gesi. Ukiulaza, kimiminika kinafika mdomoni. Ni kweli moto unaweza kuamka kidogo, na ndio maana watu wanadhani wamegundua mbinu.

Lakini sasa kinachoingia kwenye regulata na mpira sio gesi, ni kimiminika. Kikifika nje kinapanuka zaidi ya mara 200. Moto uliokuwa wa kimo cha kidole unaweza kuruka mpaka usoni. Regulata haikutengenezwa kupitisha kimiminika.

Jua na moto: tairi na mtungi havifanani

Hapa naomba umakini zaidi.

Tairi lenye presha ya 30 kwenye kipimo cha gereji, hewa yake ikitoka nyuzi 27 ikapanda hadi 57, kipimo kitasoma kama 34. Imeongezeka, lakini sio ya kutisha. Ndani ya tairi kuna gesi tupu, kilichobadilika ni mwendo wa chembe peke yake.

Mtungi wa gesi una mambo mawili kwa mpigo. Joto linaongeza mwendo wa chembe zilizoko juu, na papo hapo linarusha chembe nyingine nyingi kutoka kwenye kimiminika kuja kujiunga nazo. Kumbuka yale mambo matatu: hapa la kwanza na la tatu yamekuja pamoja. Propani kwenye nyuzi 25 ina presha ya kama mara 9 na nusu ya hewa ya kawaida. Kwenye nyuzi 55 inafika kama mara 19. Nyuzi 30 tu, presha imekuwa mara mbili!

Gari lililofungwa vioo likaachwa juani linaweza kupita nyuzi 50 ndani. Ndiyo maana mtungi hauachwi kwenye buti ukaenda zako sokoni.

Sasa lile jaribio la sindano. Viwandani mtungi haujazwi hadi juu. Kimiminika huachwa kwenye asilimia 80 hadi 85 hivi ya nafasi, ili kikipata joto kikapanuka kiwe na pa kwenda. Mtu anayejaza mitungi uchochoroni bila mzani anaweza kuujaza hadi pomoni. Ukija kupata joto, hakuna tena gesi ya kubanwa, kuna kimiminika kinachosukuma chuma moja kwa moja. Na tumeona kimiminika hakibaniki. Kinachopasuka ni chuma.

Kwa hiyo tamaa ya bei rahisi ya uchochoroni au ya "gesi ya nyongeza" sio zawadi. Usiku wa Februari 1, 2024, mlipuko wa gesi kwenye mtaa wa Embakasi, Nairobi, uliua watu na kujeruhi mamia, wengi wao wakiwa nyumbani kwao. Gesi inayobebwa na kujazwa kati ya nyumba za watu haina mchezo.

Ikivuja, inakaa chini

Propani na butani ni nzito kuliko hewa: propani kama mara moja na nusu, butani kama mara mbili. Zikivuja hazipandi darini, zinatambaa sakafuni, zinaingia chini ya kabati na kwenye mashimo. Taratibu chembe zake huchanganyika na hewa na kusambaa chumbani.

Yenyewe haina harufu. Ile harufu kali unayoijua imeongezwa makusudi ili pua yako ishtuke mapema. Ukiisikia, usiwashe wala kuzima taa, usiwashe kiberiti kutafuta inapovuja. Funga vali ya mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu nje. Kama unataka kukagua maungio siku nyingine, tumia povu la sabuni. Presha ya ndani ikisukuma gesi nje, utaona mapovu yanavimba.

Ya kuondoka nayo leo

1. Maji unayoyasikia ndani ya mtungi ni gesi iliyobanwa na presha. Ni kawaida.

2. Presha haikuambii gesi imebaki kiasi gani. Pima kwa mzani, toa uzito wa mtungi mtupu.

3. Moto ukififia wakati mtungi ni wa baridi, upumzishe. Usiupashe moto, usiumwagie maji yanayochemka.

4. Mtungi husimama wakati wote, uwe unatumika au unasafirishwa.

5. Weka mbali na jua kali, usiuache ndani ya gari.

6. Nunua mtungi uliojazwa na wenye kibali, wenye lakiri mdomoni.

Siku nyingine ukiutikisa mtungi ukasikia maji yanacheza, usimtukane muuzaji kabla hujaweka mzani. Mzani ukisema umepunjwa, dai chako. Ukisema umejaa, basi hizo ni chembe zako unazosikia, zimebanwa tu, zinasubiri ufungue vali upike. Kama nyumbani kuna mtu mwenye tabia ya kuulaza mtungi, msomee makala hii kabla ya chakula cha jioni.